Nta Juu ya Pamba

Kabla ya kuwa kitu cha kupambwa, nguo nyeupe ya pamba ilikuwa hapa Tabora kitu cha kuhesabiwa. Ilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilikuwa shuka, shuka mbili doti, na jora zima lilikaribia yadi 30. Kwa vipimo hivyo watu walinunua mtama na mbuzi, wakawalipa wapagazi, wakatoa hongo kwa watemi ili msafara uruhusiwe kupita. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, jina la Tabora enzi hizo, Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani ambao mali yao ilikuwa ya namna mbili: pembe za ndovu zinazosubiri kushuka pwani, na nguo zilizokwisha kupanda. Kulikuwa na merikani, pamba nzito isiyopaushwa iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na meli za Salem. Kulikuwa na kaniki ya India, iliyotiwa nili hadi ikakaribia weusi. Kwa wakubwa zilikuwepo debwani na barsati, zenye mistari na pindo za rangi.

Njia ya misafara ilizizoea nguo kiasi kwamba watu waliweza kujificha nyuma yake. Mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao walikuwa wanaushusha pwani mwili wa bwana wao, mmisionari na mpelelezi David Livingstone, na mwezi Oktoba walifika hapa Unyanyembe. Walipoendelea mbele kidogo, wenyeji wa huko hawakutaka maiti ipite kwenye ardhi yao. Basi wakautoa mwili kwenye gome la mti walilokuwa wameuzungushia, wakaufunga upya ukawa na umbo la mtumba wa nguo, kama mitumba mingine yote iliyopita njia ile kila wiki. Ukapita.

Nayakumbuka haya kila ninapowaangalia akina mama wa Ntalikwa wakichora nguo kwa nta uani mwao. Ntalikwa ni kata ya Manispaa ya Tabora, lakini maisha yake ni ya shamba: mahindi, karanga, mpunga mbugani, miembe mikubwa, na msitu wa miombo usio mbali. Ukiwauliza wengi watakuambia batiki imekuja na semina za ujasiriamali, na kweli mafunzo mengi ya aina hiyo nchini yamepita mikononi mwa SIDO, shirika la viwanda vidogo, na vikundi vya akina mama. Ila mimi naona kazi hii ina mizizi mirefu kuliko semina yoyote. Kwa zaidi ya miaka mia moja nchi hii imetoa vitu viwili ikiwa haijavifanyia kazi, pamba na nta, na imepokea nguo zilizokwisha kupambwa na wengine. Uani Ntalikwa vitu hivyo viwili vinakutana kabla ya kusafirishwa, na kwangu hilo si jambo dogo.

Wanyamwezi, wenyeji wa hapa, walikuwa na nguo zao kabla ya merikani. Burton mwenyewe aliandika kuhusu pamba iliyolimwa hapa na vitanda vya kufumia alivyoviona, na Ufipa, kusini-magharibi yetu, wafumaji waliendelea na kazi yao hadi karne ya 20. Kufuma kwa mkono ni kazi ya siku nyingi, na merikani ilifika kwa majora, rahisi kupatikana, yenye upana mmoja usiobadilika. Hata vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe ya 1861 hadi 1865 ilipokausha pamba yao, pengo hilo halikuwarudishia wafumaji wetu kazi. Lilijazwa na nguo za Uingereza na Bombay, zikaendelea kuitwa merikani. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 mpagazi naye akaondoka njiani. Nguo ikawa kitu cha dukani. Mtu anachagua, analipa, anavaa. Kuanzia hapo ujuzi wote juu ya nguo ukabaki kwenye kuchagua, na kuchagua nako ni ujuzi, siubezi. Lakini mkono wa mwenyeji uliacha kuigusa nguo kabla haijawa nguo.

Nta ilikwenda njia yake. Msitu wa Tabora ni nchi ya nyuki, na Chuo cha Ufugaji Nyuki hakikujengwa mkoani hapa kwa bahati. Wazee walitundika mizinga ya magogo na ya magome juu ya miti, wakarina asali, wakaila na kuipikia wanzuki. Masega yaliyokamuliwa yalibaki. Tangu enzi za Wajerumani nta ya nchi hii imevuka bahari kwenda kuwa mishumaa, dawa ya kung'arishia mbao, mafuta ya kujipaka. Hadi leo mrinaji wa kawaida ataongea nawe nusu siku juu ya asali, na nta ataitaja mwishoni, kama kitu kinachofuata mzigo.

Mama mmoja wa Ntalikwa, ambaye namwita mama mdogo kwa heshima tu maana hatuna undugu wa damu, huanza na hicho kinachofuata mzigo. Hutia masega kwenye kipande cha gunia, huyachemsha katika maji, huyabana kwa mti, na nta hupanda juu. Ikipoa inakuwa sahani ya manjano, yenye uchafu chini. Uchafu huo huukwangua kwa kisu, kisha huyeyusha tena na kuchuja kwa kitambaa. Hii ya pili ni hatua wengi wanayoiruka, nami nadhani ndiyo inayotenganisha kazi nzuri na kazi ya haraka. Nta chafu ina gundi ya nyuki ndani yake, na gundi hiyo huacha wingu la manjano mahali ambapo palitakiwa pabaki peupe. Halafu huongeza vipande vya mshumaa wa dukani. Nta ya nyuki ni laini, inakunjika na kitambaa bila kuvunjika. Mshumaa ni mkavu, unapasuka. Mtu anayetaka mchoro safi huzidisha nta. Anayetaka ile mishipa myembamba ya rangi inayotambaa ndani ya mchoro huzidisha mshumaa, kisha hukiviringa kitambaa mkononi kabla ya kukitia rangi.

Kitambaa nacho kina maandalizi yake. Pamba mpya ya dukani imepakwa wanga kiwandani ili ipendeze kwenye rafu, na wanga huo hauipokei rangi sawasawa. Lazima kichemshwe kwa sabuni, kisuuzwe, kikauke juani. Ndipo kinapotandikwa juu ya meza iliyofunikwa nailoni, na mchoro unapangwa kwa kipande cha mkaa.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, chini sana ya maji yachemkayo, ndiyo maana kopo la nta hukaa ndani ya sufuria ya maji badala ya kuwekwa moja kwa moja juu ya makaa. Nta iliyopita kiasi hutoa moshi mkali, na ikishika moto haizimwi kwa maji. Hufunikwa na mfuniko. Mama mdogo ana brashi aliyoitengeneza kwa nyuzi za mkonge zilizofungwa kwenye kijiti, na kikopo kidogo cha bati kilichotobolewa kwa ncha ya msumari kwa ajili ya mistari myembamba. Anachovya, anangoja tone la kwanza lidondoke ndani ya kopo, kisha anashusha mkono na kuvuta mstari bila kusita. Hapo ndipo nilipojifunza kuangalia. Nta ikiwa na joto la kutosha, kitambaa kinabadilika papo hapo: kinakuwa kama kioo chenye mvuke, unaweza kuona kivuli cha kidole ukikipitisha chini yake. Ikiwa imepoa, inakaa juu ya nyuzi ikiwa nyeupe na nene, inapendeza macho, na ni kazi bure, kwa sababu rangi itapita chini yake.

"Geuza, mwanangu," aliniambia nilipovuta mistari yangu. "Ile isiyoonekana kwa nyuma haijaingia."

Tuligeuza, na pale palipokuwa na mapengo tukapaka tena kwa upande wa pili.

Baada ya hapo kuna njia mbili, na watu hushikilia moja kwa ukali kidogo. Ya kwanza ni kutumbukiza kitambaa chote kwenye beseni la rangi. Ya pili, ninayoipenda zaidi kwa kazi ya nyumbani, ni kupaka rangi kwa brashi katikati ya mistari ya nta. Rangi iliyo nyepesi haikai pale ulipoiweka. Hutambaa kufuata uzi wa pamba, pande zote nne, hadi ikutane na nta na kusimama. Mtu huweka tone katikati ya umbo, anaondoa mkono, anaiacha ifike mpakani yenyewe. Ukiilazimisha kwa brashi karibu na ukingo, inaweza kuruka mpaka. Kwa njia hii unaweza kuwa na nyekundu, manjano na kijani kwenye kitambaa kimoja bila kuchemsha mara tatu. Ukitumia beseni, lazima uanze na rangi nyepesi na kwenda kwenye nzito: manjano kwanza, nta juu ya manjano yatakayobaki, kisha bluu, ambayo juu ya manjano mengine itazaa kijani, na kuendelea hivyo mpaka mwisho kwenye kahawia au weusi. Anayepanga kitambaa cha namna hii hukisoma kinyumenyume. Kitakachoonekana cha mwisho kwenye macho ya mnunuzi ndicho alichokifunika kwanza.

Rangi za unga zinazotumika sana na watengeneza batiki wetu hutaka kostiki soda na haidro (haidrosulfiti). Akina mama wanajua vipimo vyake kwa vijiko. Kostiki hula ngozi, kwa hiyo glavu si mapambo. Hula pia aluminiamu, na sufuria karibu zote za majumbani mwetu ni za aluminiamu. Rangi ikorogwe kwenye beseni la plastiki, na beseni hilo lisirudi jikoni kamwe. Maji ya rangi yapoe hadi uvuguvugu kabla kitambaa chenye nta hakijaingia, la sivyo kazi yote ya asubuhi itaelea juu. Kuna jambo moja katika rangi hizi ambalo sichoki kulitazama. Kitambaa kikiwa ndani ya beseni kina rangi isiyo yake. Bluu, kwa mfano, hutoka majini ikiwa ya kijanimanjano. Kinaponing'inizwa kwenye kamba, hewa inaanza kufanya kazi, na bluu inaingia taratibu kutoka kwenye pindo kuja katikati. Mtu anayeshuhudia mara ya kwanza ni vigumu kumshawishi kwamba hakuna aliyeongeza kitu.

Anayeogopa moto na kostiki, au mwenye watoto wadogo uani, ana njia nyingine, nayo iko jikoni. Huko Abeokuta, Nigeria, wanawake wa Kiyoruba kwa muda mrefu wamechora kwa uji mzito wa wanga wa muhogo, kwa unyoya wa kuku, na kuchovya kitambaa kwenye nili iliyo baridi. Uji hukaa upande mmoja tu wa kitambaa, kwa hiyo mgongo unakuwa bluu tupu na uso unabaki na michoro ya bluu hafifu. Karibu na kwetu zaidi, akina mama wa Weya nchini Zimbabwe walianza katika miaka ya 1980 kuchora maisha ya kijiji chao kwa uji wa unga wa mahindi. Yaani chakula chetu cha kila siku. Uji hupikwa mzito, hupozwa, hutiwa kwenye mfuko wa nailoni uliokatwa pembe ndogo, na kukamuliwa kuwa mistari. Hukaushwa juani hadi ukakamae. Rangi hupakwa kwa brashi, iwe nzito kidogo, maana uji hauwezi kulowekwa muda mrefu. Siku ya pili unaloweka, unakwangua, na mistari iko pale. Mipaka yake si mikali kama ya nta. Ina ulaini fulani ambao nimekuja kuupenda. Ntalikwa ina muhogo na ina mahindi, na sioni kwa nini mtoto wa darasa la tano asianze na hiyo akiwa na kipande cha shuka kuukuu.

Na rangi je? Yeyote aliyewahi kukata tawi la mninga anajua utomvu wake ulivyo mwekundu kama damu, na anajua nguo iliyodondokewa haisafishiki. Mabibi zetu walijua kuyatumia magome na mizizi yake. Sisemi turudi huko kwa kila kitambaa. Mninga ni mti wa mbao unaotafutwa kupita kiasi, na kuuchuna magome kwa ajili ya mtindo ingekuwa dhambi nyingine juu ya dhambi tulizonazo, maana mizinga ya magome nayo imeua miti mingi. Lakini vumbi la msumeno wa fundi seremala linatupwa bure, na kulichemsha kwa majaribio hakumgharimu mtu.

Huwa nasikia watu wakisema batiki ni kitu cha kuiga, kwamba vitenge ndivyo vyetu. Kitenge kimepita safari ndefu zaidi. Wajava ndio waliofikisha uchoraji wa nta kwenye ubora uliowashangaza Wadachi, na Wadachi wakataka kuufanya kwa mashine. Kampuni ya Vlisco ilianza Helmond, Uholanzi, mwaka 1846. Mashine zilitumia utomvu mgumu badala ya nta, ukapasuka, ukaacha mishipa na madoa ambayo Wajava waliyaona kasoro. Wanunuzi wa Afrika Magharibi waliyapenda, kwa sababu kila yadi ilikuwa tofauti na nyenzake. Ndivyo kitenge kilivyoingia barani. Baadaye Urafiki pale Dar es Salaam, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kikatoa vitenge na khanga kwa pamba ya wakulima wa kanda yetu ya ziwa na magharibi. Vitenge vingi vinavyouzwa sokoni sasa havijaguswa na nta hata kidogo. Mashine huchapa hadi ile mipasuko, sawasawa, kila baada ya kipimo kilekile. Kwa hiyo mama anayepasua nta kwa mikono yake Ntalikwa anafanya kitu halisi ambacho kitenge cha leo kinakikumbuka kwa picha tu.

Ninaposhindwa kukubaliana na wachoraji wengi ni kwenye michoro. Miaka ya 1970 Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Sista Jean Pruitt, ilifungua mlango kwa vijana waliochora batiki zenye nguvu za ajabu. George Lilanga alipita humo akiwaleta mashetani wake wa Kimakonde wenye masikio makubwa na miguu ya vidole viwili. Huyo alichora alichokuwa nacho. Waliofuata, wengi wao, wamechora alichokitaka mgeni: twiga, mbuyu, jua linalozama, mwanamke mwenye mtungi. Hata Tabora utamkuta twiga huyo. Nani katika Ntalikwa ameamka na twiga mlangoni?

Kuna vya kuchora. Kuna sega lenyewe, pembesita zilizobanana, ambalo kwa kikopo cha nta linachorwa kirahisi kuliko ua lolote. Kuna kilindo, lile pipa la gome la kuhifadhia nafaka, pamoja na mshono wake wa kamba upande mmoja. Kuna jembe la chuma la Kinyamwezi, lenye umbo la moyo, lililosafiri na misafara kama bidhaa. Na kuna kibangwa. Kipande hiki cha duara kilikatwa kwenye kitako cha kombe la bahari, kikapandishwa kutoka pwani, na watemi wakakivaa kama alama ya heshima. Ukikitazama karibu utaona mzunguko unaoanzia katikati na kufunguka kwenda nje. Nilimwomba mama mdogo ajaribu. Alizungusha nta kwa mkono mmoja bila kuinua kikopo, akaanzia nje akaenda ndani, na nta ikamwishia kabla ya katikati, akachovya tena na kuunganisha pale pale. Kitambaa kilitoka kwenye bluu na duara jeupe, lenye kifundo kidogo mahali nta ilipokutana na nta. Akataka kukifuta kile kifundo kwa rangi. Nikamsihi akiache.

Kazi ya mwisho ni kuichemsha nta itoke. Kitambaa kinaingia kwenye maji yanayotokota yenye sabuni, nta inapanda, inaenguliwa, na ikigandishwa inarudi kwenye kopo kwa kitambaa kijacho, ingawa sasa ina rangi kidogo na inafaa zaidi kwa vitambaa vyeusi. Inayokataa kutoka hupigwa pasi kati ya magazeti. Katika doti moja yenye michoro ya mkono, ukihesabu kuchemsha, kukausha, kuchora, rangi mbili na kutoa nta, siku tatu zimekwisha kama mvua haikuingilia.

Siku tatu hizo ndizo zinazogombaniwa bei. Mteja huja na bei ya kitenge cha mashine kichwani, na akina mama wengi hushuka hadi pale, kwa sababu mkopo wa kikundi unadai marejesho na ada ya shule haingoji. Wakishuka, hufidia kwa kupunguza nta, kwa kuacha kugeuza kitambaa, kwa kuchapa umbo moja la sponji la godoro mara mia. Siwalaumu hata kidogo. Nawaomba wanunuzi wenzangu wa Tabora, tunaolipia asali yetu bei nzuri kwa sababu tunajua ilikotoka, tufanye vivyo hivyo kwa nguo: tukigeuze kitambaa kabla ya kuuliza bei, tuutazame mgongo wake, na tukiona mstari umetokea upande wa pili, tusimpunguzie mama yule hata shilingi.